Saa za zamani za Japan zenye mwezi: Cheki mgongo kabla ya sura, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kuna saa flani ukiiona kwa mkono wa msee lazima uangalie mara mbili. Ni nyembamba, rangi ya dhahabu, mkanda wa ngozi, na kwa sura yake kuna kadirisha kadogo. Ndani ya hako kadirisha kuna mwezi na nyota, nyuma yake bluu ya usiku. Unafikiria huyo jamaa ameomoka. Halafu anakuambia ni Seiko ama Citizen ya miaka ya themanini, inatumia betri, na hakuuza shamba ili ainunue.

Wasee wengi wameanza kuzitafuta hizi saa, na wengi wanachomeka. Wanaona mwezi, roho inaruka, wanatoa doh, na wiki mbili baadaye saa imelala na fundi anatingisha kichwa. Kwa hivyo kabla uingie hii game, shika hii moja: saa hizi haziuliwi sana na kuvaliwa. Zinauliwa na betri iliyoisha ikaachwa ndani, saa ikakaa kwa droo miaka na miaka. Ndio maana msee mwenye rada anacheki mgongo kabla ya sura. Hapa chini ni kila kitu unafaa kujua.

Ilianza aje

Tarehe 25 Desemba 1969, siku ya Krismasi, Seiko walitoa Tokyo saa inaitwa Quartz Astron. Ilikuwa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa dukani. Bodi ilikuwa ya dhahabu na bei ilikuwa yen 450,000, pesa ambayo wakati huo ungechukua nayo Toyota Corolla mpya. Kwa hivyo usidhani saa ya betri ilianza kama kitu cha bei rahisi. Ilianza kama saa ya matajiri kabisa.

Kwatzi ni jiwe. Ukilipitishia umeme linatetemeka, na linatetemeka kwa mwendo ule ule bila kuchoka. Saa nyingi za kwatzi ziko na kijiwe kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Sakiti inagawanya hiyo namba kwa mbili, tena kwa mbili, mara 15, mpaka inabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Huo mpigo unasukuma kimota kidogo, na mshale wa sekunde unaruka hatua moja. Ndio maana saa ya betri inaenda "tik, tik" na ya kukaza springi inateleza. Saa ya kwatzi ya kawaida inakosea kama sekunde 15 hivi kwa mwezi. Saa ya springi inaweza kukosea hizo kwa siku moja.

Bei ilishuka haraka, na Uswisi waliumia vibaya. Mwaka 1970 viwanda vyao vya saa vilikuwa na wafanyakazi karibu 90,000. Kufikia miaka ya mwisho ya themanini walikuwa wamebaki karibu 30,000.

Sasa mwezi unaingia wapi? Kabla ya hapo, saa ya kuonyesha mwezi ilikuwa kitu cha mabwenyenye. Mwaka 1983 kampuni ya Blancpain ya Uswisi, ambayo hujisifu kwamba haijawahi kutengeneza saa ya betri, ilirudi sokoni na saa ya springi yenye kalenda na mwezi. Mwezi ukarudi kuwa luku. Wajapani nao waliweka mwezi kwa mashine ya betri, wakauza kwa watu wa ofisi wa kawaida. Hiyo ndio saa unaitafuta leo: luku ya tajiri, mashine ya mwananchi.

Huo mwezi hufanya aje kazi

Nyuma ya kadirisha kuna kisahani cha mviringo. Kimechorwa miezi miwili, mmoja kila upande. Sababu ni rahisi: mwezi mmoja ukizama nyuma ya sura upande wa kulia, mwingine unatokea kushoto. Kadirisha kenyewe kako na vilima viwili vya duara chini, na hivyo vilima ndio vinaukata mwezi uonekane mwembamba, nusu, ama mzima.

Kisahani cha kawaida kiko na meno 59. Kila siku jino moja linasukumwa. Meno 59 kwa miezi miwili ni siku 29 na nusu kwa kila mwezi. Mwezi wa ukweli angani huchukua siku 29, saa 12 na dakika 44 kurudi pale ulikuwa. Kwa hivyo saa yako inakosa dakika 44 kila mzunguko, na baada ya miaka miwili na nusu hivi inakuwa imekosea siku moja nzima. Hiyo sio shida ya saa yako, ni hesabu tu. Unairekebisha jino moja na maisha yanaendelea.

Kuna kitu kingine kizuri hapa. Saa nyingi zilizotengenezewa soko la Japan huandika siku za wiki kwa herufi zao. Jumatatu imeandikwa 月. Hiyo herufi maana yake ni mwezi ule wa angani, na pia ni mwezi wa kalenda. Sasa fikiria Kiswahili: mwezi wa angani ni mwezi, na Januari pia ni mwezi. Sisi na wao tuko na neno moja kwa vitu viwili. Japan yenyewe ilifuata kalenda ya mwezi mpaka mwisho wa 1872, kisha tarehe 1 Januari 1873 wakahamia hii kalenda tunatumia sote.

Mwezi wa saa na mwezi wa huku kwetu

Usishtuke ukilinganisha saa na anga ya Nairobi. Kadirisha kalichorwa kufuata mwezi unavyoonekana kaskazini, kule Japan na Ulaya: mwezi mchanga umesimama wima na mwanga uko kulia. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo mwezi mchanga huku hulala chali, pembe zimeangalia juu kama dau. Saa iko sawa na anga iko sawa. Angalia tu mwezi umejaa kiasi gani, usiangalie umeegemea wapi.

Kwa watu wa Pwani huu mwezi una kazi. Siku za karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu ndio bamvua, bahari inajaa sana na kutoka sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Ukidunga saa ya mwezi Lamu ama Shimoni, utaangalia mkono na ujue kama maji yatavuka mpaka wapi.

Lakini usiende kubishana na mtu kuhusu Ramadhani ukitumia saa. Mwezi wa Kiislamu huanza na kuonekana kwa mwezi mwandamo, na huku Kenya Kadhi Mkuu ndiye hutangaza. Saa ikionyesha giza kabisa, hapo mwezi angani bado hauonekani kwa macho. Utaonekana jioni ya kesho yake ama kesho kutwa. Kisahani ni urembo na makadirio, hakitoi ushahidi.

Majina ya kutafuta

Seiko ndio baba yao. Kintaro Hattori alifungua duka la saa Tokyo mwaka 1881, na kiwanda cha Seikosha kikaanza 1892. Ukitafuta saa za suti za Seiko, kuna Dolce ya wanaume na Exceline ya wanawake. Kuna Credor, ambayo ilianza 1974 na ndio ya juu kabisa, mara nyingi dhahabu ya ukweli. Kuna pia Lassale, ambayo lilikuwa jina la Uswisi kabla Seiko walichukue, na saa zake ni nyembamba ajabu. Pulsar, Lorus na Alba pia ni majina ya nyumba ya Seiko, na bei zao huwa chini.

Citizen ni jina la pili. Saa yao ya kwanza ilitoka 1924, na jina Citizen lilitolewa na Shinpei Goto, aliyekuwa meya wa Tokyo, akitaka saa iwe ya kila mwananchi. Ukitaka saa zao za suti, tafuta Exceed. Orient pia wako kwa game.

Sio kila saa ya hayo majina iko na mwezi. Hayo ni majina ya familia, mwezi unautafuta ndani yake.

Kama unataka kitu kiko katikati ya suti na spoti, tafuta mashine ya Seiko inaitwa 7A48. Hiyo ni ya stopwochi na mwezi pamoja. Ndugu yake mkubwa ni 7A28 ya 1983, mashine ya kwanza duniani ya stopwochi ya kwatzi yenye mishale. Kama umeona muvi ya Aliens ya 1986, saa aliyodunga Sigourney Weaver ilikuwa na hiyo 7A28. Familia ya 7A mafundi wanaipenda kwa sababu gia zake ni za chuma, iko na vito 15 vya kupunguza msuguano, na inafunguka skrubu kwa skrubu. Ikichafuka inasafishwa. Hiyo ni tofauti kubwa na mashine za plastiki ambazo zikifa ni za kutupa.

Jinsi ya kusoma mgongo

Geuza saa. Kwa Seiko utaona namba mbili zimeungwa na kistari, nne kila upande. Nne za kwanza ni namba ya mashine, nne za pili ni namba ya bodi. Hizo nne za kwanza ndio muhimu kuliko kitu chochote muuzaji atakuambia. Ziandike kwa simu, tafuta mtandaoni, ujue hiyo mashine hutumia betri gani, kama vipuri bado vinapatikana, na kama kweli hiyo mashine huwa na mwezi. Mashine ikiwa haijawahi kuwa na mwezi na saa unayoshikilia iko nao, rudisha na utembee.

Kisha kuna namba ya saa yenyewe, kawaida tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi iliyotengenezwa. Miezi ya 1 mpaka 9 ni namba, Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Kwa hivyo namba ikianza na 5N, hiyo ni Novemba ya mwaka unaoishia na 5. Ni 1975, 1985 ama 1995? Namba haisemi, mashine ndio inasema. Kama ni 7A48, familia yake ilianza 1983, kwa hivyo 1975 haiwezekani kabisa. Citizen pia huanza na tarakimu moja ya mwaka, halafu mbili za mwezi.

Soma pia bodi ni ya nini. Ukiona "Stainless Steel" pekee, bodi yote ni chuma kisichoshika kutu. Ukiona "Base Metal" na mgongo pekee ndio "Stainless Steel", basi bodi ni chuma laini kimepakwa rangi. SGP kwa Seiko maana yake ni dhahabu ya kupaka. Hiyo si mbaya, lakini angalia pembe na mahali mkanda unashikilia. Dhahabu ikiisha hapo, chuma cha njano chafu kinatokea, na kuipaka upya kutakula pesa kuliko saa.

Vitu vinne huziua

Cha kwanza ni betri kuvuja, na ndio muuaji mkuu. Betri ikiisha na ikaachwa ndani, baada ya muda inatoa majimaji ya alkali. Yanakula vibati vya betri, yanaingia kwa sakiti, yanashika koili. Ukifungua unaona unga mweupe ama kijani. Kama uko kwa kibati pekee, fundi anaweza kusafisha. Ukifika kwa sakiti, umenunua pambo.

Cha pili ni koili kukatika. Hii ni waya nyembamba kuliko unywele wako. Bisibisi ikiteleza mara moja wakati wa kubadilisha betri, imeisha. Fundi mwenye mita ya kupima umeme atakuambia kama koili iko hai kwa sekunde chache.

Cha tatu ni mafuta kukauka. Saa imekaa miaka 30 na mafuta yamegeuka gundi. Dalili ni hii: unaweka betri mpya, inatembea siku mbili, inasimama. Ama inakula betri kwa miezi michache tu. Hii ndio afadhali kati ya zote, kwa sababu mashine ya chuma ikisafishwa na kuwekwa mafuta inarudi kuishi.

Cha nne ni maji. Maandishi ya "Water Resistant" yalikuwa kweli siku ile saa iliuzwa. Kile kimpira cha kuzuia maji ndani ya mgongo kimezeeka kama mpira mwingine wowote. Usiioshe vyombo nayo, na mvua ya Aprili ikianza iweke mfukoni.

Mwezi feki

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni saa zenye jua na mwezi kwa kisahani kimoja. Hiyo haionyeshi mwezi umejaa kiasi gani. Inaonyesha mchana na usiku, na kisahani kinazunguka mzunguko mzima kila saa 24. Ukiona jua lenye miale limechorwa hapo, jua hiyo ni saa ya mchana na usiku, hata muuzaji aape aje.

Wa pili ni kadirisha lililochorwa tu, halisogei kabisa. Dawa ya yote mawili ni moja: mwambie muuzaji azungushe mishale saa 24 kamili mbele yako ama kwa video. Mwezi wa ukweli utasogea kidogo tu, jino moja. Ukizunguka wote, ni mchana na usiku. Usiposogea, ni mchoro, ama gia imekufa.

Angalia pia maandishi ya sura. Sura ya Japan ya wakati huo huwa na herufi kali, mistari imenyooka, na chini kabisa kuna vijiherufi vidogo vyenye namba ya mashine na sura. Herufi zikiwa nene na zimepinda, hiyo sura imepakwa upya mahali.

Kununua tao na kununua Japan

Kwa mtumba na kwa mafundi wa saa wa tao, faida yako ni moja kubwa: unaweza kushika. Omba mgongo ufunguliwe. Fundi muungwana hatakataa, inachukua dakika moja. Usipofunguliwa, lipa bei ya saa iliyokufa, kwa sababu hicho ndicho unajua umenunua.

Wengi hununua kwa mnada wa Yahoo Japan ama Mercari, kupitia madalali wa mtandaoni kama Buyee na ZenMarket, ambao wananunua kwa niaba yako na kutuma. Hapo huwezi kushika, kwa hivyo jifunze haya maneno:

- ムーンフェイズ: saa ya kuonyesha mwezi
- クオーツ: kwatzi
- 稼働品: inatembea
- 電池交換済み: betri imebadilishwa
- 電池切れ: betri imeisha
- 不動: haitembei
- ジャンク: inauzwa ilivyo, hakuna kurudisha

Kuwa mwangalifu na 電池切れ. Muuzaji akisema betri imeisha, mara nyingi anamaanisha saa imesimama na hajaifungua. Hiyo betri labda imekaa ndani tangu uzaliwe. Ichukulie kama 不動 na ulipe hivyo.

Muuzaji yeyote, awe Kirinyaga Road ama Osaka, mwombe vitu vitano: picha ya sura, picha ya mgongo namba zikisomeka, picha ya ndani betri ikiwa imetolewa, video ya dakika nzima mshale wa sekunde ukitembea, na video ya mwezi ukisogea. Kwa hiyo ya sekunde angalia kitu: mshale ukiruka sekunde mbili mbili, saa nyingi za Seiko na Citizen hivyo ndivyo zinakuambia betri inakaribia kuisha. Hiyo ni habari njema, maana sakiti iko hai.

Piga hesabu yote kabla ya kubofya. Kuna bei ya saa, pesa ya dalali, usafiri, kisha forodha. VAT ya Kenya ni asilimia 16, na kuna ushuru wa kuingiza na ada zingine juu yake. Ongeza betri, mkanda na fundi. Saa ya bei ya kutupa kule inaweza kufika hapa ikiwa imekua mara mbili.

Na kabla ulipe, uliza kipimo. Saa za suti za wakati ule nyingi ziko kati ya milimita 30 na 36. Kama umezoea saa kubwa kama sahani ya chai, hii itaonekana kama ya mtoto siku ya kwanza. Ipe wiki moja. Inaingia chini ya mkono wa shati bila kukwama, na hiyo ndio kazi yake.

Kuseti mwezi bila kuharibu

Kwanza, usiguse tarehe wala mwezi kama saa inasoma kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku. Wakati huo gia za kalenda zimeshikana, na ukilazimisha unavunja jino. Sogeza mishale yote miwili iangalie chini, kama saa kumi na mbili na nusu, ndio uanze.

Pili, angalia kwa simu mwezi mpevu wa mwisho ulikuwa tarehe gani.

Tatu, sogeza mwezi wa saa mpaka uwe mzima katikati ya kadirisha. Kwa saa zingine unavuta knobu ya pembeni hatua moja na kuizungusha upande mmoja kwa tarehe, upande mwingine kwa mwezi. Kwa zingine kuna kitufe kimezama kwa ubavu wa bodi. Hicho kibonyeze na kijiti cha meno. Sindano itakwaruza bodi.

Nne, hesabu siku zilizopita tangu mwezi mpevu, na usogeze jino moja kwa kila siku. Siku tano, mara tano. Kwisha.

Tarehe utairekebisha mwenyewe mara tano kwa mwaka, baada ya Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba, kwa sababu saa inadhani kila mwezi una siku 31.

Betri: usicheze na hapa

Mwambie fundi unataka betri ya silva oksaidi, ile namba yake inaanza na SR. Kwa mfano SR626SW, ambayo pia huitwa 377. Mtaani utapewa ya LR626 ama AG4, ambayo ina saizi sawa lakini ni ya alkali. Itaingia na saa itatembea, lakini nguvu yake hushuka polepole na huvuja haraka zaidi. Tofauti ya bei ni ndogo sana ukilinganisha na sakiti iliyooza. Saa ikisimama, toa betri wiki hiyo hiyo. Kama huna pesa ya betri nyingine sai, funga mgongo bila betri. Saa tupu inaweza kukaa hata miaka kumi ikikungoja.

Kabla uende mnadani

Saa ya kwanza ya kucheki haiko Japan. Nenda kwa droo ya guka, kwa kabati la mathe, kwa ile sanduku ya vitu vya mjomba aliyefariki ambayo hakuna mtu hufungua. Seiko na Citizen zilidungwa na wazazi wetu na wazee wetu ofisini na kanisani, na nyingi ziliwekwa kando siku betri iliisha. Labda haina mwezi, lakini ni mashine za kizazi hicho hicho, na hiyo betri bado iko ndani.

Ichukue, ulizia ruhusa vizuri, umpelekee fundi atoe betri na akuonyeshe ndani. Kama ni safi, weka SR mpya uone kama itaamka. Kama kuna unga mweupe kwa kibati, bado kuna nafasi, na hiyo nafasi inapungua kila mwezi ukingoja.